Niliishia levo ya 9 tu, naweza kuwa kocha wa jimnastiki ya chuo huku Marekani?

Swali (nimelifupisha): "Shikamoo dada. Mimi ni wa Mombasa, tulihamia Texas nikiwa na miaka 7, sasa nina 24. Nilifanya jimnastiki mpaka levo ya 9 (kati ya 10) nikaumia goti nikaacha, chuoni nikasomea sayansi ya michezo ila sikushindana. Sasa hivi nafundisha watoto kwenye klabu. Natamani kuwa kocha wa timu ya wanawake ya chuo, hizi za NCAA (shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani). Mama anasema hiyo sarakasi haiwezi kunilisha. Je, mtu ambaye hakuwa staa anaweza? Kazi yenyewe ikoje na nianzie wapi?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na pole ya goti. Mama mwambie hii sio sarakasi, ila mwambie taratibu, maana kwenye hilo la kulisha ana haki kidogo na nitafika huko. Mimi nimo kwenye hii kazi mwaka wa 11 sasa, nilianza kwa kubeba mikeka na kujaza chaki, leo ni kocha msaidizi, vyuo viwili nilivyopita vyote vidogo, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa jikoni sio mtu wa kwenye TV.

La ustaa kwanza kwa sababu naona ndilo linakukosesha usingizi. Valorie Kondos Field, yule wanayemwita Miss Val, hajawahi kufanya jimnastiki maisha yake yote. Alikuwa mcheza bale. UCLA walimchukua miaka ya 80 awatungie wasichana miondoko ya floo (ule mchezo wa kwenye zulia kwa muziki), baadaye wakampa timu nzima, akakaa misimu 29 na kuondoka 2019 akiwa na makombe 7 ya taifa. Mwenyewe ameeleza hadharani kwamba miaka ya mwanzo alivurunda, alikuwa anaigiza ukali wa makocha wengine kwa vile alidhani kocha ndivyo anavyotakiwa kuwa, karibu aache kazi. Ile video ya Katelyn Ohashi ya Januari 2019, ile ya 10 kamili kwenye floo iliyozunguka dunia nzima mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mashangazi, ni wa kwake huyo. Greg Marsden naye alianzisha timu ya Utah 1975 akiwa bado mwanafunzi, hakuwa mtu wa jimnastiki wa kutajika, akastaafu 2015 na makombe 10. Upande wa pili una Jordyn Wieber, bingwa wa Olimpiki 2012, ambaye alikuwa ameshageuka profeshno kwa hiyo NCAA hakuruhusiwa kushindana, akaingia UCLA kama meneja wa timu, yaani mtu wa kupanga vifaa, halafu kocha wa kujitolea, na 2019 Arkansas wakampa ukocha mkuu. Umeona hapo? Bingwa wa Olimpiki alipitia kwenye kupanga vifaa.

Ila usisome habari ya Miss Val ukadhani njia ile bado iko wazi vilevile. Miaka ya 70 na 80 vyuo vilikuwa vinaanzisha timu za wanawake haraka haraka kwa sababu ya sheria ya Title IX ya 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu, watu wenyewe walikuwa hawapo, ukionekana una akili na unajituma unapewa. Sarah Patterson alianza Alabama 1979 akiwa ndio kwanza amemaliza chuo, akakaa mpaka 2014 na makombe 6. Leo nafasi ikitangazwa wanaomba watu waliokuwa mabingwa wa taifa na wana digrii ya pili juu. Na nafasi zenyewe ni chache, hebu piga hesabu: NCAA yote kwa madaraja yake ina timu 80 na kitu, Division I, daraja la juu, ni kama 60, kila timu kocha mkuu mmoja na wasaidizi kama watatu hivi. Makocha wote wa Division I ukiwakusanya wanaenea kwenye mabasi manne matano. Halafu wakishakaa hawatoki! D-D Breaux alikaa LSU, chuo cha Louisiana, misimu 43. Bev Plocki wa Michigan alisubiri zaidi ya miaka 30 kwenye kiti hichohicho ndio akapata kombe la taifa, 2021. Na hapo Texas kwenu, pamoja na ukubwa wote ule na pesa zote zile za futiboli ya Kimarekani, University of Texas na Texas A&M hawana timu ya jimnastiki ya NCAA. Kwa hiyo ujue mapema, hii kazi utahama.

Sasa sikiliza hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote niliyoandika. Kocha mkuu akitafuta msaidizi hatafuti mtu mzuri kwa jumla jumla, anaziba pengo. Kwenye benchi lake kuna mtu wa baa (vile vyuma viwili vya kuning'inia), mtu wa volti (kuruka meza), mtu wa bimu (ubao mwembamba wa kutembea juu yake), mtu wa floo, mtu wa usajili, na mara nyingi mtu mmoja kabeba mawili au matatu. Mmoja akiondoka hilo pengo ndilo tangazo la kazi, hata kama kwenye tangazo wameandika maneno mengi ya uongozi na maadili. Mimi niliajiriwa mara ya kwanza kwa sababu ya bimu tu. Nilikuwa na subira ya kukaa na msichana mmoja dakika 40 kwenye kitu kimoja, jinsi anavyoweka mguu wa nyuma kabla ya kuruka, na kwenye ule ubao upana ni sentimita 10 na kutoka chini ni mita moja na robo kwa hiyo kosa la sentimita mbili unalisikia kwenye mfupa. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa levo gani. Wewe level 9 yako usiifiche na wala usiitetee, cha kujiuliza ni pengo gani utaliziba vizuri kuliko yule bingwa wa taifa aliyeomba kazi hiyohiyo. Ukiweza kumshika mtu wa baa akiwa hewani bila kumuumiza na bila kujiumiza, una kazi, wako wachache kweli. Ukiweza kutunga floo ambayo haifanani na ya timu ya jirani, vilevile.

Kazi yenyewe ikoje. Msimu ni Januari mpaka Aprili, karibu kila wikendi mnashindana. Kwenye kila kifaa wanapanda sita, alama tano za juu ndizo zinahesabiwa, kila rutini, yaani onyesho la mchezaji mmoja, mwisho wake ni 10, kwa hiyo timu ikifanya maajabu ni 200 ambayo haijawahi kutokea, 197 ni siku nzuri, LSU walichukua kombe la 2024 kwa 198.225. Sasa hapo kwenye sita na tano ndipo ulipo ukocha wote. Mmoja akianguka sio mwisho wa dunia, ile alama inatupwa. Akianguka wa pili mmeumia. Ndio maana wa kwanza kupanda huwa sio yule mkali kuliko wote, ni yule asiyetetereka, anawatulizia wenzake nyumba. Na hata wakubwa linawakuta, 2024 Oklahoma walikuja fainali za taifa wakiwa ndio wanatajwa na kila mtu, wakavurunda volti kwenye nusu fainali, wakarudi nyumbani. Mwaka uliofuata wakachukua kombe.

Nikupe moja ya kwangu. Tuko ugenini, bimu, wa nne kaanguka. Wa tano anapanda huku sote tunajifanya hatuhesabu, naye akaanguka. Kabaki wa sita, mtoto wa mwaka wa kwanza, yuko pale kwenye sahani ya chaki anasugua viganja ambavyo vilishakuwa vyeupe muda mrefu. Hakunitazama, akauliza tu kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo lazima nikae juu, si ndio?" Alikuwa anajua jibu, hawa watoto wana kalkuleta kichwani. Ningemwambia tunakutegemea nimemuua. Ningemwambia usijali ningekuwa namdanganya na angejua. Nikamwambia wewe anza na pumzi ile tuliyofanya Jumanne, halafu nikamuuliza kwenye basi leo zamu ya kuchagua chakula ni ya nani. Akasema ni yangu. Nikamwambia basi nenda ukafikirie. Alitikisika mara moja, mguu ukapanda juu kweli nikaona mbingu, ila akabaki. Usiku huo tulikula pitsa mbaya sana ya mananasi na hakuna aliyelalamika.

Hayo ni masaa mawili ya wiki. Wiki nzima iliyobaki iko hivi: sheria inaruhusu wanafunzi masaa 20 tu ya mazoezi kwa wiki ndani ya msimu, siku ya mashindano inahesabiwa masaa matatu, siku moja lazima wapumzike, nje ya msimu ni masaa 8. Kwa hiyo jimu sio kitu kinachokula muda wako. Muda unaliwa na usajili, ratiba za ndege na basi, nani kafeli somo la takwimu, fizio anasema nini kuhusu kifundo cha mguu, mzazi kapiga simu saa tano usiku kwa sababu binti hayupo kwenye lainapu. Kocha mkuu ndio kabisa, yeye anatafuta pesa na watazamaji. Pale Utah watu zaidi ya 10,000 wanakuja kuangalia jimnastiki, hawakuja wenyewe kwa upepo, Marsden aliwatafuta miaka na miaka. Breaux naye alizunguka Baton Rouge, mji wa LSU, kuongea na kila kikundi kilichokubali kumsikiliza mpaka mji ukawa wake. Kama hupendi kuongea na watu wazima wenye pesa, usiote kiti cha ukuu, baki msaidizi na sio dhambi, wako wasaidizi wanaoheshimika kuliko wakuu.

Usajili wenyewe ni fani ndani ya fani. Watoto wa miaka 14 wananitumia video na email nzuri kweli na siruhusiwi kuwajibu mpaka Juni 15 baada ya mwaka wao wa pili wa sekondari, hiyo tarehe usiku wa manane simu zinawaka kama mkesha wa Idi. Na ukienda klabuni kumtazama mtoto, rutini nzuri kila mtu ataiona. Mimi naangalia akianguka anafanya nini sekunde 10 zinazofuata, anamtazama nani, anamtazama kwa macho gani. Ukiona anamtazama kocha wake kwa woga ujue ukimchukua una mwaka mzima wa kumfundisha kupumua kabla hujamfundisha kitu kingine.

Hapo nataka nikae kidogo. Baada ya mambo ya Larry Nassar, yule daktari wa Michigan State na timu ya taifa aliyefungwa 2018 kwa kudhalilisha mamia ya wasichana, hii kazi sio ileile na isirudi ilikokuwa. Utapitia mafunzo ya SafeSport, ya kuzuia unyanyasaji michezoni, utakaguliwa rekodi zako, na mambo ambayo kizazi chetu tuliambiwa ni kawaida, kupimwa uzito mbele ya wenzio, kuambiwa tumbo limetokeza, kufanya mazoezi juu ya jeraha, leo yanakufukuzisha kazi na ni haki. Habari za uzito na chakula zina mtaalamu wake wa lishe, wewe funga mdomo. Klabu moja niliyopita nikiwa binti kocha alikuwa anatukagua mikoba kama tumebeba biskuti. Nimeshakuwa mtu mzima na bado nikila biskuti kuna kitu kinageuka nyuma kutazama mlango.

Pesa sasa, mama asogee karibu. Makocha wakuu wa timu kubwa wanalipwa mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Msaidizi wa chuo kidogo analipwa kama mwalimu wa kawaida, na wa ngazi ya chini kabisa analipwa kama mwalimu anayekopa. Vyuo vya serikali mishahara yao iko wazi kisheria katika majimbo mengi, kaitafute mwenyewe kabla ya kuomba, usiambiwe. Zamani kulikuwa na cheo cha kocha wa kujitolea, unafanya kazi yote hulipwi kitu, unakula kwa kufundisha watoto jioni, mimi nilipita huko miaka miwili. NCAA wamekifuta tangu Julai 2023 na namshukuru Mungu kwa niaba yako, japo kuna shule zilizojibu kwa kutoajiri mtu kabisa.

Na upepo umechafuka kidogo. Tangu 2021 wanamichezo wanaruhusiwa kuingiza pesa kwa majina yao, wanahama chuo kwa chuo kuliko zamani, na Juni 2025 mahakama ilipitisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Kwa shule zilizoingia humo timu ya jimnastiki mwisho watu 20. Nyingi ya hizo pesa zitaenda futiboli, sote tunajua, na shule isiyo na pesa inaanza kutazama michezo midogo kama mtu anayetafuta cha kuuza. Fisk pale Nashville walikuwa chuo cha kwanza cha kihistoria cha Weusi kuwa na timu ya jimnastiki ya wanawake, walianza kushindana 2023 chini ya Corrinne Tarver, ambaye 1989 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuchukua ubingwa wa jumla wa NCAA, yaani wa vifaa vyote vinne. Msichana wao Morgan Price akapata 10 kamili, ya kwanza kwa vyuo hivyo. Halafu 2025 wakatangaza msimu wa 2026 ndio wa mwisho. Talladega, chuo kingine cha Weusi, walishafunga yao 2024. Niliposikia ya Fisk nilifunga ofisi nikakaa kimya muda, sitaki kukudanganya.

Ukikosea je? Utakosea. Mtazame Jay Clark. Alikuwa msaidizi wa Suzanne Yoculan kule Georgia, yule mama wa makombe 10, matano ya mwisho mfululizo 2005 mpaka 2009, akastaafu na kumwachia kiti. Jaribu kufikiria kurithi kiti hicho. Mwaka wa kwanza tu Georgia wakakosa kwenda fainali za taifa, jambo ambalo halijawahi kutokea, 2012 akaondoka. Akaenda LSU kuwa msaidizi tena chini ya Breaux, akakaa, mama alipostaafu 2020 akabaki na timu, na lile kombe la 2024 ndilo la kwanza katika historia ya LSU. Miaka 12 tangu atoke Georgia. Wengi wangeshauza bima.

Pa kuanzia. Kazi ya klabu usiiache, hata mtu aliyekuwa akimfundisha Simone Biles, Cécile Landi, alitoka klabu moja kwa moja 2024 kwenda kuongoza Georgia na mwenzake, ingawa wewe na mimi hatuna Simone kwenye klabu. Ongea na bosi wako akutoe kwenye watoto wadogo akuweke na levo ya 8 mpaka 10, na chagua kifaa kimoja, kwa goti hilo na miaka 24 mimi ningesema baa, mabega yako bado mazima. Kafanye mtihani wa ujaji, sio lazima uwe jaji kila wikendi ila utajua sehemu ya kumi ya alama inapotelea wapi na kocha mkuu akisoma hilo kwenye CV anasimama kidogo. Angalia digrii ya pili kwenye chuo chenye timu, uombe kuwa msaidizi mwanafunzi au mtu wa uendeshaji, ada inapungua na uko ndani ya jengo. Texas Woman's University pale Denton wana timu, Division II, watu hudharau daraja hilo lakini huko utagusa kila kitu kwa mikono yako.

Na kambi za kiangazi! Hapa watu wa klabu hawajui. Vyuo karibu vyote vinaendesha kambi Juni na Julai na vinahitaji makocha wa wiki moja moja, malipo kiduchu na unalala bweni na watoto 60 wanaopiga kelele. Ile ndiyo interview. Kocha mkuu anakuona siku 5 ukiwa umechoka, anaona unavyoongea na mtoto anayelia, anaona nani anakunja mikeka bila kuambiwa. Mimi kazi zangu zote mbili zilitoka kambini, tangazo liliwekwa kwenye tovuti ya NCAA kwa sababu sheria inataka litangazwe. Andika email kwa makocha wasaidizi sio wakuu, mistari mitano, sema unafundisha levo gani na kifaa gani, weka video ya dakika mbili unayomshika mtu kwenye baa, uso wa mtoto usionekane na mzazi awe amekubali. LSU na Oklahoma ni jirani zako, lakini tuma pia kwa vyuo ambavyo hata jina hujawahi kulisikia, huko ndiko watajibu.

Fainali za taifa zimekuwa Fort Worth miaka kadhaa mfululizo sasa, kwa hiyo Aprili mchukue na mama. Mkalishe upande wa bimu.